Wiki Sita za Kungojea Tumbo

Kalamu ilitoka Maskati. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa huko miaka mingi, na kila akipata msafiri anayekuja Mombasa humpakia vitu: udi, halwa, mashuka, na baada ya mimi kuugua sukari, insulini yangu ya kalamu. Ilikuja imeviringwa kitambaa ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na msafiri aliusiwa asiiweke mbali na macho yake hata akisali. Ikifika kwetu Kuze, nyumba nzima hujua. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, aliiweka katika friji yake mwenyewe, mlangoni, juu ya mayai, na mgeni akiomba maji baridi alionyeshwa dawa pia. Hii si ya foleni, alisema, hii ya Maskati.

Ya foleni ndiyo niliyoanza nayo. Ni kichupa kidogo unachopewa kliniki ya sukari, upande wa Makadara, dawa yake ina ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, na kabla ya kuivuta kwa sirinji huna budi kuiviringisha baina ya viganja mpaka ichanganyike. Nilijidunga hiyo mwaka mzima. Kalamu ilipokuja niliiacha kwa furaha, maana kalamu unazungusha nambari, unabonyeza, umemaliza, mara moja tu kwa siku, na vidonge vyangu viwili juu yake. Muuguzi wa kliniki aliitazama, akaandika jina lake kwenye faili langu, akasema sukari ikishuka yeye hana ugomvi. Ikashuka. Nasema haya mapema nisije nikaeleweka vibaya: ile kalamu haijanikosea kitu. Walionikosea ni watu, na wa kwanza wao ni mimi.

Kazi yangu ni kupinda leso. Biashara Street, ndani ya duka, nyuma kabisa ambako upepo wa feni haufiki, kuna cherehani, na mimi ndiye mwenye cherehani hiyo. Mteja akinunua jozi naikata katikati, napinda ncha zake, anaondoka nayo tayari ya kuvaa. Kutwa nasoma maneno ya leso. Ukitaka kujua jinsi watu wa Mombasa wanavyosemana bila kusemezana, njoo upinde leso mwaka mmoja. Mtu ana jambo na wifi yake, hamwambii; hununua leso yenye maneno, akajifunga, akapita nayo mlangoni kwake mara tatu. Zamani nilikuwa nikicheka. Nilidhani huo ndio ustaarabu.

Mwezi niliokosa siku zangu nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na mimba moja ilikuwa imeshaniharibikia miaka miwili nyuma. Ile ya kwanza niliitangaza, kwa ujinga wa furaha, kabla haijatimiza miezi miwili. Ilipotoka, mavyaa hakunilaumu usoni. Aliniletea supu, akanikanda mgongo, akafukiza chumba. Lakini nilimsikia chini ya ngazi akimwambia jirani kwamba mdomo wangu ni mwepesi na macho ya watu ni mazito, na tangu siku hiyo nilijua ananionaje.

Kwa hivyo safari hii nilimwambia mume wangu peke yake. Mume wangu akamwambia mama yake peke yake. Mama yake akapanda ngazi, akaingia chumbani kwetu, akafunga mlango nyuma yake.

"Mwanangu, hii hasemi mtu," aliniambia. "Mpaka tumbo liseme lenyewe."

Nikamuuliza kuhusu kliniki, maana nilijua mgonjwa wa sukari akishika mimba hupaswa kwenda kusema. Akanikumbusha muuguzi yule anakaa wapi. Anakaa vichochoro viwili kutoka kwetu, yeye na mavyaa hukaa jamvi moja harusini, na habari ikiingia kwake haikai hata ipoe. Ukimwambia yeye umeuambia mtaa. Mume wangu akataja daktari mwingine, Nyali, ng'ambo ya daraja. Mavyaa akamuuliza kama huko Nyali wafanyakazi hawana shangazi zao Mji wa Kale. Kisiwa hiki, alisema, ukipiga chafya Kuze, wa Makupa wakuombea rehema.

Sikubisha, na nataka hilo lijulikane. Hakuna aliyenifunga kamba. Nilikuwa nimepoteza mmoja, na mtu aliyepoteza hukubali lolote litakalomfanya aamini kwamba safari hii lipo analoweza kulifanya. Kunyamaza lilikuwa jambo la kufanya. Wazee wetu wamesema mficha uchi hazai. Methali hiyo naijua tangu sijaanza shule, mavyaa anaijua, mtaa mzima unaijua. Huwa tunaitumia kwa mambo ya watu wengine.

Karatasi niliifungua mwenyewe. Kila kisanduku cha kalamu kina karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nyingi hata ukiikunjua inafunika mto, upande mmoja Kiarabu, upande mmoja Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Miaka miwili nilikuwa nikiitupa. Jioni ile nikaisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne mpaka nikafika penye waja wazito. Palisema habari za matumizi yake kwa waja wazito bado ni chache. Palisema na mengine chini yake, ila macho yangu yalikuwa yameshanasa pale.

Swali langu lilikuwa moja, tena jepesi. Insulini hii ni salama kwa mwanangu, au nirudie ile ya ukungu, au ipo nyingine? Mahali pa kuliuliza palikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Badala yake nililiteremsha chini, kwa baba mkwe wangu.

Baba mkwe amesomesha chuo cha Kurani tangu ujana wake, na wanaume wengi wa Kuze walijifunza alifu kwa fimbo yake. Ni mpole, hainui sauti, na katika nyumba ile yeye ndiye aliyenipenda bila masharti. Lakini kwetu chochote kilichoandikwa Kiarabu hupelekewa yeye, iwe hati ya nyumba, iwe kopo la maziwa ya unga, na yeye hukisoma vile vile anavyosoma vitabu vyake vya dini. Siku ile alitawadha kwanza. Baada ya alasiri akakaa mahali pake, akavaa miwani, akashika na kioo cha kukuzia, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani, akifasiri kipande baada ya kipande. Sisi watatu tulikuwa tumekaa chini tunamsikiliza, mimi, mume wangu na mavyaa.

Alipofika penye uchache wa habari alisimama. Akavua miwani. Akasema jambo likiwa na shaka, mtu huliacha akaliendea lisilo na shaka. Kisha akavaa tena miwani akasoma mstari wa chini, uliosema kwamba daktari akiona haja dawa itumike, na kwamba mgonjwa asiache dawa bila kumuuliza daktari wake. Aliusoma. Nilimsikia kwa masikio yangu akiusoma. Lakini hukumu ilikuwa imeshatoka, na sisi tumezoea kwamba mwalimu akishahukumu, kilichobaki ni dua ya kufungia.

"Basi ataacha," mavyaa alisema. "Tumbo likionekana ataenda kwa daktari wake, apewe isiyo na shaka."

Mume wangu akauliza kwa nini nisirudie ile ya ukungu kwa sasa. Kichupa changu cha mwisho kilikuwa kimeshapitwa na wakati, na kipya hutolewa na muuguzi, na muuguzi angetaka kujua kwa nini nabadili. Kila njia tuliyoipita ilitufikisha mlangoni kwa muuguzi yule, na mlango ule tulikuwa tumeshaapa kutoubisha. Akauliza na vidonge je. Vidonge nilipewa kliniki vikiwa ndani ya bahasha ya kaki, bila karatasi, kwa hivyo havikuwa na shaka. Nikaendelea navyo.

Hivyo ndivyo nilivyoacha insulini, mimba ikiwa na wiki sita.

Siku za mwanzo nilijiona mjanja. Nilikula kidogo, niliacha wali, niliacha mahamri, nilitembea kutoka Kuze mpaka dukani na kurudi nikijihesabia thawabu. Mavyaa naye alijitahidi kuliko mimi. Aliondoa sukari katika chai ya nyumba nzima, hata ya mume wake ambaye hajawahi kuugua kitu. Alinirowekea uwatu, akaniletea kitandani asubuhi, akasimama mpaka nimalize kikombe. Alinichagulia samaki mwenyewe Makadara, akamtia ndimu, akanikatia vipande bila miba. Sijawahi kutendewa wema nyumbani mwake kama katika wiki zile sita, na ndiyo maana chuki yangu mpaka leo haina pa kukaa vizuri.

Kipimo hakikuwa na habari na wema wake. Kilianza na kumi na moja, kikaenda kumi na nne. Kiu ilinishika hata nikawa naenda kazini na chupa mbili za maji, na kila nusu saa naacha leso chini ya sindano ya cherehani nakimbilia chooni. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye adabu zake, aliniuliza mara moja kama naumwa, nikasema ni joto. Mume wangu nilimwonyesha nambari kila siku mwanzoni. Alisema inshallah itashuka, kisha akashuka yeye, ngazi, akaenda msikitini. Baadaye nikaacha kumwonyesha.

Wiki ya tatu siku yangu ya kliniki ilifika. Kutokwenda kungezua maswali, kwa hivyo mavyaa aliniruhusu niende, ila nisitamke. Muuguzi akanipima, akaona sukari i juu, nikamwambia nilikula harusini. Akaandika. Nilipokuwa nafunga mkoba wangu nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu:

"Nna mwenzangu, yuwatumia kalamu kama hii yangu, na yu mja mzito. Ni salama kwake?"

Muuguzi akaweka biki mezani. Hakunitazama tumbo, alinitazama uso.

"Mwambie mwenzio aje aonwe leo," alisema. "Na mpaka aje, asiache sindano hata siku moja. Wanifahamu? Hata siku moja."

Nikasema nitamwambia. Nilipofika nyumbani mavyaa aliniuliza kulikoni, nikamwambia hakuna neno, wamenipima tu. Lile la kutoacha sindano sikumwambia. Hili silo la mavyaa, ni langu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nililimeza, na jibu halinipendezi: niliogopa mkono wangu. Kama ningeendelea kuacha na likatokea la kutokea, ingekuwa amri ya Mungu na hukumu ya baba mkwe. Kama ningejidunga dawa iliyokwisha kuitwa ya shaka na likatokea, ingekuwa ni mimi, kwa mkono huu, kwenye tumbo hili. Nikachagua lile ambalo lisingekuwa na alama ya kidole changu. Niliiita subira. Ilikuwa ni woga uliovaa kanzu.

Zikapita wiki tatu nyingine. Asubuhi moja dukani macho yalianza kunipotea. Maneno ya leso niliyokuwa naipinda yalifanya wingu, nikayafuata kwa kidole, na sindano ya cherehani ikapita katikati ya ukucha. Nilipoitoa sikuhisi maumivu kama nilivyohisi hasira. Nikaona damu, na kwa kuwa damu ilikuwa imeshatoka yenyewe, nikatoa mashine yangu mkobani nikapima pale pale, mbele ya mteja aliyekuwa akingoja jozi yake. Ishirini na mbili.

Sikwenda nyumbani. Sikumpigia mtu simu. Nilifunga kidole kwa kipande cha leso, nikatoka Biashara Street mchana kweupe nikaenda kliniki. Foleni ilikuwa mpaka nje, wanawake wa mtaani kwetu watatu au wanne mle ndani, na mimi nikapita mbele yao wote nikasimama mezani kwa muuguzi. Nikasema nina mimba ya miezi mitatu na sijadunga insulini wiki sita. Nililisema kwa sauti ya juu kuliko iliyohitajika. Nilikuwa nimelibana muda mrefu, likatoka na kelele yake.

Muuguzi alinikalisha kitini pake mwenyewe.

"Nilijua," alisema. "Siku ile ya mwenzio, nilijua ni wewe."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningelikuuliza ungelikana, dada. Na ukishakana huji tena. Nyinyi nawajua. Nikanyamaza nikusitiri."

Huyo ndiye tuliyekuwa tukimficha, yule ambaye habari haipoi kinywani mwake. Alikuwa nayo wiki tatu, hakumwambia hata mama yake. Mtaa mzima una midomo, na mdomo tuliouogopa ndio pekee uliojifunga, katika jambo moja ambalo lilikuwa na haja ya kusemwa. Nilitaka kucheka nikashindwa. Hata leo nikikutana naye njiani twaulizana hali kwa urefu, ya nyumbani, ya wazee, ya watoto, na hilo halitajwi.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kaloleni, kijana kuliko mimi, msemaji wa haraka. Alinilaza siku nne mpaka sukari ikashuka. Siku ya pili alikuja na vichupa viwili akaviweka juu ya shuka. Kimoja ni ile ile ya ukungu niliyoanza nayo zamani, ya kudunga asubuhi na usiku. Cha pili ni maji meupe, ya kudunga kabla ya chakula. Alisema hizi mbili zimetumika kwa waja wazito miaka mingi, anazijua, na anazo. Nikamuuliza kama kalamu yangu ingemdhuru mtoto. Nilikuwa nimengoja wiki sita kuuliza swali hilo, na jibu lake halikuchukua hata dakika moja.

"Karatasi imesema habari ni chache, haikusema ina madhara," alisema. "Ungekuja nayo siku ya kwanza, ningekwambia udunge usiku ule ule, halafu tukae tuchague. Insulini kwa kawaida haivuki kwenda kwa mtoto, mama. Kinachovuka ni sukari."

Nikamuuliza basi sukari ilivuka wiki ngapi. Akasema tutazame mbele. Nikamuuliza kitu gani cha mtoto hujengwa katika wiki zile. Akasema viungo vingi huanza wakati huo. Nikamwambia avitaje. Akataja uti wa mgongo, akataja moyo, kisha akasema ana wagonjwa wengine.

Alinipa hiari ya kurudi kwenye kalamu baadaye, sukari ikitulia. Nilichagua vichupa. Ningependa kusema nilichagua kwa busara, lakini nilichagua kwa hasira. Sikutaka tena dawa inayoonyeshwa wageni.

Niliporudi Kuze, baba mkwe aliniita. Aliniomba nimwambie maneno ya daktari yote, neno kwa neno, na mimi nikamwambia yote, hata lile la kinachovuka. Alisikiliza akiwa ameinama. Kisha akaichomoa ile karatasi katikati ya vitabu vyake, alikuwa ameihifadhi, akasoma tena ule mstari wa chini, safari hii kimoyomoyo. Midomo tu ndiyo iliyokuwa ikienda.

"Nilihukumu kabla sijamaliza kusoma," alisema. "Mwanafunzi akifanya hivyo mimi humpiga. Nisamehe, mwanangu."

Nikamsamehe, na nilimaanisha. Ni yeye peke yake aliyeniomba. Mume wangu alisema tumshukuru Mungu tumewahi, kama kwamba alikuwemo katika kuwahi huko. Mavyaa aliviona vichupa vya ukungu kwenye mlango wa friji yake, akavisogeza nyuma ya mtindi wasivione wageni. Nikavirudisha mbele. Akavisogeza. Nikavirudisha. Tulifanya hivyo miezi sita bila kusema neno, na kalamu ya Maskati ikapitwa na wakati pale pale baina yetu.

Nilidunga kila dozi. Nilidunga dukani nyuma ya cherehani, nilidunga matangani, nilidunga siku ya ndoa ya binamu yangu mbele ya wanawake waliojipamba, nikainua dera nikatia sindano pajani, na aliyetaka kutazama akatazama. Sukari ilinitii kama mtoto aliyepigwa. Daktari alinisifu kila mwezi, na kila akinisifu nilikuwa nikitaka kumwambia kwamba sifa hizi zimechelewa.

Akazaliwa msichana, mzito, mweupe wa macho, mwenye sauti. Mavyaa alimpokea akamsomea, akampaka wanja, akamfunga mkononi uzi mweusi. Arubaini ikafika, nyumba ikajaa udi. Wiki iliyofuata, tulipompeleka chanjo, muuguzi wa watoto aliweka kipimo kifuani kwake, akakisogeza, akakiweka tena, akaita mwenzake naye akasikilize. Nilikuwa nimeshajua kabla hawajasema. Wakasema kuna sauti moyoni, apelekwe kwa daktari wa moyo.

Mavyaa alikataa kubaki nyumbani siku hiyo. Aliingia nami ndani, akakaa kitini, mtoto mapajani mwake. Daktari wa moyo alipitisha mashine juu ya kifua kidogo kile kwa muda mrefu, akatuonyesha kwenye kioo cheusi mahali ambapo damu inapita pasipopaswa kupita. Tundu. Akasema atafuatiliwa, huenda likajiziba, huenda likataka kupasuliwa akikua kidogo. Kisha akavuta karatasi akaanza kuuliza maswali yake. Mama ana ugonjwa gani? Sukari. Tangu lini? Nikajibu. Mimba ilipokuwa changa, sukari ilikuwaje?

"Ilikuwa haina tabu," mavyaa akajibu, kabla sijafungua kinywa. "Na sindano alidunga kila siku."

Nilimtazama. Alikuwa akimtazama mtoto, anamnyoosha uzi wa mkononi. Sikuona uongo usoni mwake. Nadhani alikuwa ameshaamini.

"Niliacha wiki sita," nikasema. "Tangu wiki ya sita mpaka ya kumi na mbili. Ilifika ishirini na mbili."

Daktari akaandika. Nikamuuliza kama ni hiyo iliyofanya. Akaweka kalamu chini, akanijibu kwa upole ambao singependa kuusikia tena. Alisema hawezi kuapa. Wapo watoto wanaozaliwa na tundu na mama zao hawajui sukari ni nini. Lakini sukari ikiwa juu kiasi kile, katika wiki zile, hatari huzidi, tena sana. Akasema nisijilaumu. Watu husema hivyo wakishakupa kila unachohitaji cha kujilaumia.

Tulipanda tuktuk kurudi. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, anapumua upesi upesi kama alivyozoea kupumua, jambo ambalo sote tulikuwa tukiliita uchangamfu. Makadara magari yalikuwa yamesimama. Mavyaa akampapasa mtoto kichwa, akanigeukia, nami nikafikiri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwamba yuko karibu kuniomba radhi. Nilijiandaa kumpa. Wallahi nilikuwa tayari.

"Umemskia daktari," alisema. "Wapo wazaliwao hivi, na mama zao wazima."

Nikasema nimesikia.

"Lile si dawa wala si sukari. Lile ni jicho." Alisema kwa huruma, akinishika goti. "Nilikwambia tungoje tumbo, mwanangu. Wewe ukaenda kulitangaza kliniki, mbele ya foleni nzima."

Niliutoa mkono wake gotini kwangu, nikamchukua mwanangu mapajani mwake, nikamlaza kifuani kwangu, na tuktuk ikaendelea.

Bado twakaa nyumba moja. Chai yake naipika mimi, bila sukari, maana sasa naye imempata. Lakini akitaka kumpakata mjukuu wake hupanda ngazi mpaka mlangoni kwangu, akabisha, akaomba. Siku nyingine nampa. Siku nyingine, mtoto yu macho nyuma yangu anacheza, namwambia amelala.